Umeshtakiwa Marekani kwa bili ya hospitali ya mama: mwongozo kamili wa kujibu

Jumanne jioni mtu anabisha hodi, anauliza kama wewe ndiye fulani, anakukabidhi bahasha na kwenda zake. Ndani mna karatasi za mahakama. Mdai ni kampuni ambayo hujawahi kuisikia, na anataka dola 18,460 pamoja na riba. Ukisoma mara ya pili ndipo unakutana na jina la hospitali na tarehe ya usiku ule ambao mama, aliyekuja wiki sita kuona wajukuu, alibanwa na kifua ukamkimbiza kitengo cha dharura.

Kwetu bili ya mama ni bili ya watoto. Tunafungua kundi la simu, tunachanga, mkubwa anaongezea palipopelea. Mahakama ya Marekani haina habari na hayo. Yenyewe inauliza maswali mawili tu: nani aliahidi kulipa, na ahadi hiyo iko wapi? Hayo yanaweza kukuokoa kabisa, ila hayaulizwi kama hukujibu. Ukinyamaza, mdai anapewa hukumu ya upande mmoja bila kuonyesha karatasi hata moja ya maana, na deni ambalo pengine halikuwa lako linakuwa lako.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Marekani na ameshtakiwa kwa matibabu ya mzazi, mwenza, au ndugu mwingine. Kila jimbo lina sheria zake, kwa hiyo popote nilipotaja jimbo usidhani la kwako ni hivyohivyo.

Hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote

Kwenye bahasha kuna nyaraka mbili. Ya kwanza ni samansi, inayokuambia uko kwenye mahakama gani na una siku ngapi za kujibu. Ya pili ni hati ya madai, yenye aya zilizopewa namba zinazoeleza unadaiwa nini na kwa sababu gani. Chukua kalamu sasa hivi, uandike juu ya bahasha tarehe uliyopokea, saa, na nani aliipokea.

Siku za kujibu hutofautiana sana. Washington ni 20, Minnesota 21, Ohio 28, California 30. Texas, kwenye mahakama za hakimu wa amani ambako kesi nyingi za madeni hupelekwa, ni 14 tu. New York City ni 20 ukikabidhiwa mkononi ndani ya jiji, na 30 kwa njia nyingine nyingi. Siku uliyokabidhiwa haihesabiwi, lakini Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa. Mtu wa Minneapolis aliyepokea karatasi tarehe 4 Machi ana mpaka tarehe 25 Machi. Mimi ningejiandikia tarehe 18 kwenye kalenda na kujifanya hiyo ya 25 haipo.

Minnesota ina jambo linalowaponza wengi. Kule kesi huanza pale unapokabidhiwa karatasi, hata kama bado haijafunguliwa mahakamani. Unaweza kupokea samansi isiyo na namba ya kesi, ukampigia karani, akakuambia hakuna kitu kama hicho. Watu husikia hivyo wakaitupa karatasi wakidhani ni matapeli. Siku 21 zinakatika vilevile, na jibu lako unampelekea wakili wa mdai. Washington nako kesi inaweza kuanza hivyo.

Kama karatasi imesema umeshtakiwa kwenye mahakama ya madai madogo, utaratibu unaweza kuwa tofauti. California, kwa mfano, huko hakuna hati ya jibu; unafika siku uliyopangiwa na ushahidi wako. Soma samansi yote, hata maandishi madogo ya nyuma.

Na hapa pana kosa ambalo ningependa kulipigia kelele. Kuwapigia simu wakusanya madeni si kujibu kesi. Kuwaandikia barua ya kulipinga deni si kujibu kesi. Hata wakili wao akikuambia kwa upole, "Usijali, tutaongea wiki ijayo," saa ya mahakama inaendelea kutembea. Akikuahidi muda zaidi, auweke kwa maandishi, na wewe ulizie mahakamani kama unakubalika.

Ni nani hasa anayekushtaki

Angalia jina la mdai juu kabisa. Kama ni hospitali yenyewe, hadithi ni moja. Kama ni kampuni ya kukusanya madeni iliyonunua deni au kupewa haki ya kulidai, hadithi ni nyingine, kwa sababu mbili.

Kwanza, kampuni ya namna hiyo lazima ithibitishe kwamba deni hili, la mgonjwa huyu, kwa kiasi hiki, lilihamishiwa kwao. Mara nyingi mkononi wana jedwali la kompyuta lenye jina na namba, basi.

Pili, wanabanwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inayodhibiti ukusanyaji wa madeni. Sheria hiyo inawabana pia mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni kudai. Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hilo mwaka 1995. Hawaruhusiwi kusema uongo kuhusu nani anadaiwa, kutishia jela, wala kukushtaki kwa deni lililopitwa na muda wa kisheria. Mtu anayevunjiwa haki hizo anaweza kuwashtaki ndani ya mwaka 1 na kupata hasara aliyoipata, pamoja na nyongeza ya hadi dola 1,000 na gharama za wakili. Kwa sababu hiyo tunza kila barua, na kila ujumbe wa sauti usiufute. Hospitali inayodai deni lake yenyewe kwa jina lake kwa kawaida haiguswi na sheria hiyo.

Kama kampuni imewasiliana nawe kwa mara ya kwanza hivi karibuni, una siku 30 tangu kupokea taarifa yao ya deni za kudai uthibitisho kwa maandishi. Tuma barua hiyo kwa posta yenye risiti, huku jibu la mahakama likiendelea na safari yake.

Je, deni ni lako?

Hapa ndipo kesi nyingi za aina hii husimama au kuanguka. Kwa kawaida mtu mzima aliyetibiwa ndiye anayedaiwa, na mwanawe, nduguye au shemeji yake hadaiwi kwa kuwa tu alimsindikiza. Ili wakufikie wewe, wanahitaji mlango wa kupitia. Milango yenyewe inahesabika.

Mlango wa kwanza ni sahihi yako. Rudi kwenye usiku ule. Saa saba, mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu, wewe uko dirishani na pochi yake mkononi. Karani anakusogezea kidude cha kutilia sahihi chenye kalamu ya plastiki. Maandishi yako kwenye kioo cha karani, kimemwelekea yeye. Wewe unaona kisanduku kitupu tu. Anasema, "Hapa ni ruhusa ya matibabu." Unatia sahihi. "Na hapa." Unatia tena. Miezi kumi baadaye unaambiwa sahihi ile ya pili ilikuwa ya mdhamini wa malipo.

Basi iombe karatasi yenyewe, yote, kuanzia ukurasa wa kwanza, na si kipande chenye sahihi peke yake. Tazama maneno yaliyo karibu na sahihi. Kuruhusu matibabu si kuahidi kulipa. Kutia sahihi kwa niaba ya mama, kama mwakilishi wake, ni yeye kuahidi kupitia mkono wako. Ila ukiona neno Guarantor (mdhamini) na sentensi inayosema unabeba gharama wewe binafsi, hapo wana kitu cha kushika. Hata hivyo, kama mlilazimishwa kutia sahihi kabla mgonjwa hajaangaliwa, liandike hilo: tangu mwaka 1986 sheria ya shirikisho inazikataza hospitali zenye kitengo cha dharura kuchelewesha uchunguzi kwa ajili ya kuuliza habari za malipo. Halifuti sahihi peke yake, lakini wakili atataka kulijua.

Na kama ulisema tu kwa mdomo, "Msijali, mimi mwanawe nitalipa"? Karibu kila jimbo lina sheria kwamba ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine lazima iwe kwa maandishi na yenye sahihi ya aliyeahidi. Maneno ya korido kwa kawaida hayatoshi.

Mlango wa pili ni ndoa. Majimbo mengi humfanya mume au mke awajibike kwa matibabu ya lazima ya mwenzake, na yale yenye mali ya pamoja kwa wanandoa, kama California, Texas na Washington, yana kanuni zake. Mengine yameachana na utaratibu huo. Minnesota iliondoa wajibu wa moja kwa moja wa mwenza kwa deni la matibabu mwaka 2024. Wazazi nao hubeba bili za watoto wao walio chini ya miaka 18.

Mlango wa tatu watu wengi hawaujui. Zaidi ya majimbo 20 bado yana sheria za zamani zinazoweza kumtwika mtoto mtu mzima wajibu wa kumtunza mzazi asiyejiweza. Nyingi zimelala, lakini mwaka 2012 mahakama ya rufani ya Pennsylvania ilithibitisha kwamba mwana mmoja alipe takriban dola 93,000 za kituo cha wazee alikokuwa mama yake. Mama mwenyewe alikuwa keshahamia Ugiriki. Ukiwa Pennsylvania, kujibu bila wakili ni kucheza na moto. Kwingine, ulizia kama jimbo lako lina sheria hiyo na masharti yake, kwa sababu kwa kawaida mdai lazima aonyeshe kwamba mzazi hana uwezo na wewe unao.

Vituo vya wazee vina kinga ya ziada kwa familia. Kituo kinachopokea malipo ya Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) hakiruhusiwi kudai dhamana ya mtu mwingine kama sharti la kumpokea mgonjwa. Kinaweza kumtaka anayeshika fedha za mgonjwa alipe kutoka kwenye fedha hizohizo, si kutoka mfukoni mwake. Ukiona mkataba umekuita "mhusika mwenye wajibu" na sasa wanadai mali yako, itaje kinga hiyo kwenye jibu.

Je, mgonjwa amefariki? Deni ni la mirathi. Msimamizi wa mirathi hulipa madeni kutoka kwenye alichoacha marehemu, kwa mpangilio wa kisheria, na wadai wana muda maalumu wa kujitokeza. Kama marehemu hakuacha kitu, kwa kawaida deni linaishia hapo, isipokuwa pawe na mmoja wa milango niliyotaja. Hatari kwa msimamizi ni kuwagawia warithi fedha kabla ya madeni kulipwa. Hilo linaweza kumgeukia yeye.

Kisha kuna tishio ambalo huwapata watu wetu peke yao. Mkusanya madeni anagundua mama alikuja kwa viza ya kutembelea, anasema, "Wewe ndiye uliyemwalika, ulisaini utamgharamia." Barua ya mwaliko uliyoupelekea ubalozi si mkataba na hospitali. Hata hati nzito zaidi ya udhamini, ile ya I-864 inayotumika kwa ukaazi wa kudumu, hutekelezwa na mhamiaji mwenyewe, na serikali, na taasisi zinazotoa misaada ya umma ya watu wa kipato kidogo. Hospitali inayodai bili ya kawaida haimo.

Kuandika jibu

Mahakama nyingi za majimbo zina fomu ya jibu kwenye tovuti zao, bure, na baadhi zina programu inayokuuliza maswali na kukujazia. Tafuta hiyo kwanza. Kama haipo, chukua karatasi nyeupe. Juu nakili jina la mahakama, majina ya pande zote na namba ya kesi kama yalivyo kwenye hati ya madai. Jibu lazima liandikwe kwa Kiingereza, kwa hiyo fikiri kwa Kiswahili, kisha mpe anayejua Kiingereza vizuri akusaidie.

Chini yake unajibu aya kwa aya, namba kwa namba. Majibu ni matatu tu: nakubali, nakana, au sina taarifa za kutosha kujua, kwa hiyo nakana. Aya usiyoigusa huhesabiwa umeikubali, na hilo ndilo shimo la wanaojibu kwa barua ndefu ya maelezo yenye huzuni bila kugusa aya 7 na 8.

Kwa mfano wetu, mdai ameandika: aya 1, mdaiwa anaishi katika kaunti hii. Nakubali. Aya 2, hospitali ilimtibu mgonjwa tarehe fulani kwa ombi la mdaiwa. Hapa usiseme hujui, maana ulikuwapo na unatia sahihi mbele ya mahakama. Andika: nakubali kwamba mama yangu alitibiwa tarehe hiyo, nakana yaliyobaki. Aya 3, mdaiwa aliahidi kwa maandishi kulipa gharama zote. Kama hukuahidi, nakana. Aya 4, thamani halali ya huduma ni dola 18,460. Sina taarifa za kutosha, kwa hiyo nakana. Aya 5, hospitali ilihamishia deni kwa mdai. Vilevile. Aya 6, mdaiwa alitumiwa bili na hakuzipinga, hivyo alizikubali. Nakana. Usiidharau hiyo ya 6: ni njia ya kudai deni bila mkataba, kwa hoja kwamba kimya chako kilikuwa kukubali.

Baada ya hapo weka kichwa kipya cha utetezi wako, maana kuna hoja ambazo zisipotajwa kwenye jibu unaweza kuzipoteza. Taja zile zinazokuhusu kweli: kwamba hakuna ahadi ya maandishi ya kulipa deni la mwingine, kwamba ulitia sahihi kama mwakilishi tu, kwamba bima ilishalipa sehemu, kwamba kiasi si sahihi, kwamba hukukabidhiwa karatasi ipasavyo, labda waliziacha kwenye nyumba uliyohama. Na muda wa kushtaki. New York deni la matibabu kwa hospitali lina miaka 3, California na Texas mkataba wa maandishi ni miaka 4, Ohio na Minnesota 6. Muda ukiwa umepita, kesi inaweza kufa kwa hoja hiyo moja, lakini hakimu hatakuibulia. Lazima uiseme mwenyewe.

Malizia kwa kuomba kesi ifutwe. Weka sahihi, tarehe, anwani na simu. Ongeza mistari miwili inayosema umemtumia wakili wa mdai nakala, lini na kwa njia gani. Peleka asili kwa karani, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Muhuri huo ni dhahabu. Baadhi ya mahakama hutoza ada ya kuwasilisha jibu. Kama kipato ni kidogo, omba fomu ya kusamehewa ada papo hapo dirishani.

Baada ya kujibu, usilale

Wiki chache baadaye inaweza kuja bahasha nyingine, safari hii kutoka kwa wakili wao, haina nembo ya mahakama, na ina sentensi fupifupi: "Kiri kwamba ulisaini mkataba." "Kiri kwamba kiasi ni sahihi." Hayo ni maombi ya kukiri. Usipojibu ndani ya muda, kwa kawaida siku 30, yanahesabika umekiri yote, na jibu lako zuri la mwanzo linageuka bure. Jibu moja moja, kwa maandishi.

Wewe nawe unaruhusiwa kuomba. Waombe hati yenye sahihi yako, makubaliano ya kuhamishwa kwa deni, na bili yenye mchanganuo wa kila kipengele.

Bili yenyewe

Hata kama ulisaini, kiasi kinaweza kupingwa. Jumla ya mstari mmoja haikuonyeshi kitu. Kwenye bili ya mchanganuo kila huduma ina msimbo wa tarakimu tano. Ziara ya dharura huandikwa kwa mmoja wa misimbo mitano, kuanzia 99281 wa jambo dogo hadi 99285 wa hali ngumu zaidi, na bei hupanda kwa kila ngazi. Linganisha msimbo na kumbukumbu za daktari. Mama alipimwa moyo, akapewa dawa, akaruhusiwa alfajiri, na bili inasema 99285? Kifua huweza kuhalalisha ngazi ya juu, lakini wao waeleze kwa nini. Tafuta kipimo kilichoandikwa mara mbili na dawa ambayo hakupewa. Kumbukumbu ni za mama, kwa hiyo atie sahihi idhini wewe uzipate. Anaweza kuichapisha akiwa nyumbani, akaisaini na kukurudishia picha.

Tangu mwaka 2021 hospitali zinatakiwa kuchapisha bei zao, ikiwemo bei ya punguzo kwa anayelipa taslimu. Kama bei hiyo ni nusu ya unachodaiwa, ichapishe uende nayo. Na kama mama alikuwa na bima ya wasafiri, fungua faili tena: kukataliwa kwa madai ya bima hukatiwa rufaa, na si mara moja nimeona barua ya kukataa ambayo kosa lake lilikuwa tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa, mwezi mbele siku nyuma.

Msaada wa hospitali ambao hawakukutajia

Hospitali zisizo za kibiashara, ambazo ni nyingi, zinatakiwa na sheria ya kodi iliyotokana na mageuzi ya afya ya mwaka 2010 kuwa na sera ya maandishi ya kusaidia wasio na uwezo. Haziruhusiwi kuchukua hatua kali kama kushtaki kabla ya siku 120 tangu bili ya kwanza baada ya mgonjwa kutoka, wala bila kufanya juhudi za kujua kama anastahili. Na lazima zipokee maombi hadi siku 240 tangu bili hiyo, hata kama deni lipo kwa wakusanyaji. Ombi likikamilika ndani ya muda, hatua hizo husimamishwa mpaka liamuliwe.

Hesabu basi kutoka bili ya kwanza. Kama mlishtakiwa siku ya 90, umepata hoja. Kama uko siku ya 200, jaza fomu leo, kwa kipato cha mgonjwa. Sera hutofautiana: nyingine huhudumia wakazi wa eneo tu, nyingine haziulizi hali ya uhamiaji. Isome yenyewe, usikubali jibu la simu.

Simu na suluhu

Watapiga. Mwenye sauti ya asali atasema, "Mama yako alitibiwa vizuri, sasa wewe mwanawe unashindwa hata kuweka dola 50 kuonyesha nia njema?" Hiyo dola 50 usiitoe. Malipo madogo katika baadhi ya majimbo hufufua muda wa kushtaki uliokwisha, na kila mahali yanaweza kutumiwa kama dalili kwamba ulilikubali deni. Sema hivi: "Nimeshajibu mahakamani. Niandikieni." Kata simu. Aibu ndiyo silaha yao kubwa kwetu, na wanaijua.

Kama kweli ulidhamini na kiasi ni sahihi, kupatana kunaweza kuwa na akili. Pendekeza kiasi kidogo cha mara moja kuliko mafungu ya miaka mitano. Makubaliano yaandikwe kabla ya senti kutoka, yaseme kiasi hicho kinamaliza deni lote, na kesi itafutwa moja kwa moja bila kuruhusiwa kurudishwa. Wakikuletea karatasi ya "hukumu ya makubaliano", shtuka: hiyo ni hukumu dhidi yako, na ukikosa fungu moja wanaanza kukamata.

Siku ya mahakama

Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa karani, kwa maandishi. Mahakama nyingi za majimbo humtoa bila malipo. Usimtumie mtoto wako, na usione haya kwa kuwa unajua Kiingereza cha kazini. Kiingereza cha kiapo ni kingine. Fika kabla ya saa, au fungua kiungo cha video dakika 15 mapema.

Koridoni wakili wa mdai anaweza kuita jina lako kwa ukarimu na kukupa karatasi ya kusaini. Watu humdhania ni ofisa wa mahakama. Sema utaongea mbele ya hakimu. Mbele ya hakimu, swali lako ni lilelile: iko wapi sahihi yangu ya kuahidi kulipa? Wakileta hati ya kiapo ya mfanyakazi wa kampuni ya madeni, uliza anajuaje kilichotokea hospitalini siku ambayo kampuni yake haikuwapo.

Ushauri wa wakili tafuta mapema. Mashirika ya msaada wa kisheria yapo kila jimbo, na tovuti ya LawHelp.org itakupeleka kwa ya kwako. Yanayofadhiliwa na Legal Services Corporation, shirika la kitaifa linalotoa fedha za msaada wa kisheria, yana masharti ya hali ya uhamiaji; kliniki za vyuo vya sheria mara nyingi hazina.

Kama hukumu imeshatoka

Unaweza kuomba ifutwe, hasa kama hukukabidhiwa karatasi au una sababu ya maana ya kuchelewa na utetezi wa kweli. Fanya hivyo wiki hiyohiyo uliyogundua, kwa sababu mlango huu hufungwa. California, kwa sababu nyingi, ni miezi 6.

Hukumu ikibaki, wanaweza kufuata mshahara na akaunti. Sheria ya shirikisho hairuhusu kukata zaidi ya asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, au kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, kipi ni kidogo. Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina kwa jumla hawakati mshahara kwa deni la kawaida. Malipo ya Social Security (mafao ya serikali kwa wastaafu na walemavu) yana ulinzi, na yakiingia benki moja kwa moja, benki inatakiwa kulinda ya miezi miwili. Hufungwi kwa kudaiwa. Ila ukiitwa na mahakama ueleze mali zako, nenda, maana kukaidi wito ni kosa tofauti na hakimu anaweza kuagiza uletwe.

Kesi ikifutwa, hakikisha amri inasema haiwezi kufunguliwa tena, na chukua nakala yenye muhuri. Kisha ingia annualcreditreport.com ambako ripoti za ofisi zote tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu ni bure. Deni la mama halipaswi kuwa kwenye ripoti yako. Likiwapo, lipinge kwa maandishi ukiambatanisha amri ile. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Nakala nyingine mpelekee mama aiweke na pasipoti yake, kwa sababu safari ijayo ofisa wa viza anaweza kumuuliza nani alilipa hospitali.